BAHARI NDANI YA NYUMBA: MGENI WA KWANZA SI SAMAKI

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii waliitunga wajuao kazi ya jahazi, lakini yamfaa vile vile mtu asimamaye mbele ya tangi la kioo lililojaa maji ya bahari. Hutazama matumbawe yakichanua kama maua, na samaki wa rangi ya chungwa wakipenya katikati yake, kisha akasema moyoni: "Nami juma hili nitatengeneza la kwangu." Ndugu msomaji, makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, ili kumsihi asitie samaki juma hili, na kumweleza sababu yake.

Aghalabu mambo huenda hivi. Jumamosi tangi hununuliwa; Jumapili hujazwa maji; Jumatatu watoto huletewa samaki wanne watano wa kupendeza. Maji yang'aa, na nyumba nzima hushangilia. Ifikapo Ijumaa samaki wamepanda juu, wanahema, na Jumapili ya pili wote wamekufa. Baba hudhani ameuziwa samaki wagonjwa. Hununua wengine, nao hufa. Kumbe samaki wale hawakuwa na ugonjwa wowote. Waliuawa na sumu, tena sumu iliyotoka katika miili yao wenyewe.

SUMU NA WENYE KUIONDOA

Kila samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake. Mabaki ya chakula na kinyesi, vikioza, huiongeza. Baharini maji ni mengi mno hata amonia hiyo haidhuru kitu. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na tangi la sebuleni ni kifuu tu mbele ya Bahari ya Hindi. Humo amonia haina pa kwenda. Isitoshe, maji ya bahari si machachu. Kipimo chake cha pH huwa kati ya 8.1 na 8.4, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa ya ile namna iliyo kali kwa samaki.

Wako viumbe wawezao kuiondoa sumu hii, nao ni bakteria, wadogo hata hawaonekani kwa macho. Mwaka 1890 mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alifaulu kuwatenga na kueleza maisha yao. Kundi moja huitumia amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Kundi la pili huitumia nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati ikiwa kidogo haina madhara makubwa. Nyingine huliwa na mwani; nyingine hugeuzwa kuwa hewa ya naitrojeni na bakteria wakaao ndani kabisa ya mawe, pasipofika oksijeni; na iliyobaki hupunguzwa kwa kubadili sehemu ya maji.

Jambo moja lafaa lishikwe vizuri hapa. Wengi wa bakteria hao hawaelei majini. Hujishika juu ya mawe, mchanga na kuta. Kwa hiyo maji yaliyotoka kwa jirani mwenye tangi la zamani, hata yakiwa mazuri namna gani, hayatoshi kulipa tangi jipya uhai. Jiwe moja kutoka katika tangi hilo lina faida kuliko madumu kumi ya maji yake.

WALIOTUTANGULIA

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1846 mama mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay akaenda nayo London. Hakuwa na umeme wala pampu. Maji ya bahari yalipohitaji hewa, mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo kimoja hata kingine mbele ya dirisha lililo wazi, mara nyingi, kwa muda mrefu. Baadaye mama huyo alitia mwani ndani yake. Kwa njia hiyo aliweza kuwaweka hai viumbe wake kwa karibu miaka mitatu.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta nchini Indonesia, alieleza katika gazeti la Marekani la wafugaji wa samaki jinsi alivyotumia maji ya bahari, mwanga, viputo vya hewa, na mawe ya mwambani yaliyokuwa bado yamejaa viumbe hai. Hakutumia machujio makubwa. Mawe yenyewe ndiyo yaliyokuwa chujio. Matangi ya matumbawe ya siku hizi, japo yana taa na mitambo ya kila namna, bado yasimama juu ya fikira hiyo.

VYOMBO VYA KUANZIA

Msomaji anayeanza asichague tangi dogo kwa kudhani ndilo rahisi. Maji machache huchafuka upesi, hupata joto upesi, na kosa dogo humo huwa kubwa. Lita 200 ni kiasi kizuri. Lakini maji hayo peke yake yana uzito unaozidi kilo 200. Ukijumlisha kioo, mawe na mchanga, meza ya chakula haiwezi. Hapana budi kutengenezwa meza imara, isawazishwe kwa pimamaji, nayo iwekwe mbali na dirisha lipigalo jua.

Kisha yahitajika pampu ya kuzungusha maji, taa ifaayo kwa matumbawe, kipimajoto, haidromita ya kupima chumvi, na dawa za kupimia amonia, nitriti na nitrati. Atakayekosa fedha za vyote apunguze mapambo, asipunguze vipimo. Kukaa na tangi bila vipimo ni sawa na kusafiri usiku bila taa.

Chumvi ya jikoni haifai kabisa. Maji ya bahari yana magnesi, kalsi, potasi na madini mengine mengi, hivyo hununuliwa chumvi maalumu ikachanganywa na maji yaliyosafishwa sana. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huua bakteria wale wale tunaowahitaji. Akaaye pwani aweza kuteka maji ya bahari, ila ateke mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito, wakati maji yamejaa, wala si baada ya mvua kubwa. Kwa vyovyote, haidromita isome karibu 1.025, na joto liwe nyuzi 25 hadi 27 za Sentigredi.

Mawe yaweza kuwa makavu, yaani matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu, ya jamii ile ambayo Waswahili wamejengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi. Yasuguliwe hata udongo wote utoke, wala yasiwe na saruji. Yapangwe yakiwa na mapango na nafasi za maji kupita, wala yasirundikwe kama kifusi.

KUYAKOMAZA MAJI

Sasa yafika majuma ya subira. Tangi limejaa, pampu zazunguka, mawe yamekaa, lakini hakuna samaki. Katika majuma haya tunayakomaza maji, yaani tunawapa bakteria chakula na muda wa kuongezeka.

Chakula chao ni amonia. Tia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni, kidogo kidogo, hata kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Ukiikosa, kamba mmoja mbichi wa sokoni akiachwa aoze ndani ya tangi atafanya kazi hiyo, ingawa harufu yake haitamfurahisha mwenye nyumba. Ukiweza kupata jiwe au mchanga kidogo kutoka tangi lililokomaa, utie, uwe chachu. Wako watu watiao samaki "wagumu" ili watoe amonia. Hiyo si njia ya kufuata. Ni kumwekea kiumbe moto chini ya miguu ili kuona kama sakafu imekauka.

Mpe mtoto mkubwa daftari, apime na kuandika kila siku mbili. Mwanzoni amonia itasimama juu. Baada ya siku kadhaa itaanza kushuka, na nitriti itapanda. Nitriti nayo hukawia kushuka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Katika maji ya chumvi haidhuru samaki sana kama katika maji ya mto, lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba kundi la pili la bakteria halijatosha. Mwisho nitriti hushuka, na nitrati huonekana.

Kazi hii huchukua majuma manne hadi sita, pengine zaidi. Kalenda si mwamuzi. Kipimo ndicho mwamuzi. Tia tena amonia hata miligramu 2, kisha pima baada ya saa 24. Kama amonia na nitriti zote mbili zasoma sifuri, maji yamekomaa. Badili sehemu kubwa ya maji ili kuipunguza nitrati, na tangi liko tayari kupokea wageni.

WAGENI KWA ZAMU

Karibu na wakati huo mawe na mchanga hufunikwa na utando wa kahawia, kisha mwani wa kijani. Sura ya tangi huwa mbaya, na mwenye tangi hushikwa na hamu ya kutoa kila kitu aoshe. Asithubutu! Ataosha na bakteria aliowangoja mwezi mzima. Atie konokono wachache wa bahari walao mwani, apunguze saa za taa, angoje.

Baada ya hapo aje samaki mmoja au wawili, si zaidi. Wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao baharini hukaa ndani ya anemoni, wafaa sana, kwa kuwa siku hizi huzalishwa kwa wingi katika matangi na waweza kuishi bila anemoni yenyewe. Watoto watafurahi kujua kwamba samaki hao wote huanza maisha wakiwa madume. Aliye mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike, naye akifa, dume lake hushika nafasi yake. Kangaja na wenzake wapendao kuogelea mbali wasitiwe katika tangi la lita 200.

Ngoja majuma mawili au matatu kabla ya kuongeza mwingine, maana kila kinywa kipya chahitaji bakteria wapya. Matumbawe yaje mwisho, tangi likiisha tulia kwa miezi kadhaa, tena yaanze yale laini. Yale magumu hujenga mifupa kwa kalsi iliyomo majini, miligramu 400 hadi 450 kwa lita, nayo hayavumilii maji yabadilikayo ovyo. Samaki akiugua, usimwage dawa ya shaba ndani ya tangi la matumbawe, maana huua konokono na matumbawe kabla ya ugonjwa.

JOTO NA UMEME

Katika pwani yetu adui mkubwa ni joto. Ndani ya nyama ya matumbawe huishi mwani mdogo sana uyalishao kwa nguvu ya mwanga. Maji yakizidi joto, matumbawe huutoa mwani huo, hubaki meupe, na yakikawia hivyo hufa. Hayo yalitokea baharini kwenyewe mwaka 1998, miamba ya Afrika Mashariki ilipopata hasara kubwa. Feni ipulizayo juu ya maji huyapoza. Lakini maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matamu yaliyosafishwa, si ya chumvi, kwa sababu chumvi haiendi na mvuke. Mkazi wa nchi za juu zenye baridi, kama Mbeya au Nairobi, yeye atahitaji hita.

Umeme ukikatika, hewa ndiyo huisha kwanza. Pampu ndogo ya betri yafaa iwekwe akiba. Ikikosekana, chukua jagi, uteke maji ya tangi na kuyamimina tena humo kutoka juu, ukirudia kila baada ya muda mfupi. Dawa iliyomfaa Anna Thynne itakufaa nawe.

MWAMBA ULIOKO BAHARINI

Pengine msomaji atauliza: mbona yote haya kwa ajili ya samaki wawili? Jibu ni kwamba kila samaki afaye kwa haraka yetu hutafutiwa wa kuchukua nafasi yake, na wengi wa samaki wa matangi ya bahari bado huvuliwa miambani, si kuzalishwa. Huko Ufilipino wako waliotumia sianidi kuwalevya ili wakamatike, na sumu hiyo iliharibu matumbawe pamoja na samaki.

Basi, uonapo mwamba umejaa matumbawe wakati wa maji kupwa, usivunje. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES uliotiwa sahihi mwaka 1973, na biashara yake kati ya nchi na nchi yataka kibali. Hapa Tanzania iko Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Mafia ni hifadhi, na Mbudya na Bongoyo, visiwa tuvionavyo kutoka Dar es Salaam, ni maeneo tengefu. Nunua vipande vilivyokuzwa katika matangi.

Wala ukichoka na samaki wako usimpeleke kumwaga baharini. Samaki mmoja wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye mapezi marefu na miiba ya sumu, alionekana katika pwani ya Florida mwaka 1985, na yaaminika alitoka katika matangi ya watu. Leo wamezagaa Karibi yote, wakila samaki wa huko. Mpe jirani, au mrudishe kwa muuzaji.

Ndugu msomaji, kama bado wataka tangi, anza kwa kununua daftari. Mwezi wa kwanza litajaa tarakimu tupu, na wageni watakaokutembelea watakuuliza kwa nini unatazama mawe. Waambie unafuga, na mifugo yako imo kazini.