Mtoto Akisema, "Nataka Kuwa Mtawa"



Hapa Kaengesa tumezoea kuwaona vijana wa seminari, wasomao ili, Mungu akipenda, wawe mapadre. Lakini binti akisema nyumbani, "Nataka kuwa sista," mara nyingi nyumba nzima hunyamaza. Baba awaza mahari na wajukuu. Mama awaza ni nani atakayemtunza uzeeni. Tusiyacheke mawazo hayo. Kwetu Ufipa mtoto ni wa ukoo mzima, wala si wa baba na mama tu.

Shaka hii si mpya. Mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha huko Karema, kando ya ziwa Tanganyika, shirika la masista Waafrika, ambalo leo laitwa Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Wazazi walishangaa: msichana awezaje kukaa bila mume wala watoto? Hata hivyo shirika likakua, na mabinti wa nchi hii wameendelea kuingia.

Basi, wito hujulikanaje? Wengi hungoja ndoto au sauti. Kumbukeni Samweli: aliitwa usiku, akamkimbilia Eli mara tatu, akidhani ndiye amwitaye. Mtoto alisikia, lakini hakutambua. Mzee hakusikia, lakini ndiye aliyemfahamisha ni nani aitaye. Kazi yetu ndiyo hiyo ya Eli. Hatuiti sisi, wala hatuzibi masikio ya mtoto.

Mtazameni nyumbani. Je, husali pasipo kuamrishwa? Hupenda kazi, au hulikimbia jembe? Akikaripiwa huvumilia? Au labda amependa vazi tu, au amkwepa mchumba asiyempenda, au ataka kusomeshwa bure? Sababu za namna hiyo hazidumu.

Kanisa lenyewe halina haraka. Kwa sheria yake ya mwaka 1983, haruhusiwi mtu kuingia unovisi kabla ya kutimiza miaka 17, na unovisi haupungui miezi 12. Nadhiri za kwanza za usafi, ufukara na utii ni za muda, usiopungua miaka 3. Na nadhiri za daima hazifungwi kabla ya umri wa miaka 21. Tena nadhiri iliyotolewa kwa kushurutishwa si nadhiri. Kwa hiyo anayerudi nyumbani wakati wa unovisi hakutenda dhambi, asichekwe kijijini.

Mkulima wa Ufipa afukiapo majani katika tuta la ntumba, hapandi ulezi siku ile ile. Hungoja yaoze, udongo upate nguvu. Wito nao wataka kungojewa hivyo.

Basi wazazi, msimsukume mtoto ili mpate sifa, wala msimfungie mlango kwa ajili ya mahari. Msikilizeni, mwombeeni, mpelekeni kwa padre au kwa masista apate shauri. Kisha mwacheni ajibu mwenyewe, maana ndiye aliyeitwa.