Rekodi ya Mwanajeshi Mstaafu Ikiwa na Makosa: Kikundi Kifanye Nini?



Karibu kila kijiji tunachotembelea kina mzee mmoja au wawili waliotumikia jeshi. Wengine wana pensheni yao na wanaendelea vizuri. Lakini wengine wamezunguka ofisi miaka mingi na jibu ni lile lile: "Mzee, jina lako halilingani na faili." Nauli inakwisha, mbuzi anauzwa, na mwishowe mzee anakata tamaa. Akifa, mjane anarithi shida ile ile, tena bila mtu wa kuieleza.

Mara hii tumeamua kueleza jambo hili hatua kwa hatua. Tunataka mshike neno moja tu: kosa la karatasi husahihishwa kwa karatasi. Kelele haitasaidia, wala kitu kidogo, wala kumtafuta mtu mkubwa wa kwetu aliye Nairobi.

Makosa haya yalitoka wapi?

Wazee wengi walioandikwa jeshini zamani hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Usajili wa vizazi na vifo ulianza kusambazwa wilaya baada ya wilaya mwaka 1963, ukafika nchi nzima mwaka 1971. Kijana aliyezaliwa kabla ya hapo aliulizwa umri, akakisia. Au karani alimtazama tu akakisia yeye mwenyewe.

Majina nayo yaliandikwa jinsi yalivyosikika. Karani ambaye hakuijua lugha ya kijana aliandika R mahali pa L, au B mahali pa P. Mwingine aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba, halafu kitambulisho kikaja na jina la ukoo. Faili ina Joseph, kitambulisho kina Yosefu. Kijijini sote tunajua ni mtu mmoja, lakini ofisi haijui kijiji. Inajua karatasi tu.

Msifikiri kosa la namna hii litapona lenyewe likiachwa. Kumbukeni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, wale wa Carrier Corps ambao mtaa wa Kariokor, Nairobi, umepata jina kutokana nao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika utumishi wa vita hiyo na hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja ilipita. Pale Kenyatta Avenue wamesimamishiwa sanamu, lakini sanamu haina jina la baba ya mtu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mtu hupotea hivyo.

Kosa dogo, hasara kubwa

Tuchukue mfano. Tuseme mzee aliingia jeshini mwaka 1971 akatoka mwaka 1989. Hiyo ni miaka 18. Lakini aliyenakili faili aliandika 1979. Tarakimu moja tu, na karatasi sasa inasema mzee alitumika miaka 8. Miaka ya utumishi ni moja ya mambo yanayoamua kama mtu atalipwa mkupuo mmoja au pensheni ya kila mwezi, na ni kiasi gani. Kwa hiyo tarakimu moja inaweza kula chakula cha nyumba nzima.

Mambo ya kuangalia katika karatasi za mzee ni haya:

1. Majina yote, jinsi yanavyoandikwa na yanavyofuatana.
2. Nambari yake ya jeshi.
3. Tarehe ya kuzaliwa.
4. Tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka.
5. Cheo alichotoka nacho.
6. Sababu ya kutoka: muda kwisha, ugonjwa, au nidhamu.
7. Majeraha aliyopata kazini, kama yaliandikwa.
8. Majina ya mke na watoto. Hapa ndipo wajane wengi huumia, hasa nyumba ikiwa na wake wawili na aliyeandikwa ni mmoja.

Kosa ni tofauti na uamuzi

Hapa watu wengi hukosea njia. Kama mzee alitoka kwa ugonjwa na faili inasema alifukuzwa, hilo ni kosa la rekodi. Lakini kama kweli alifukuzwa kwa nidhamu, na yeye anaona hakutendewa haki, rekodi haina kosa. Imeandika lililotokea. Anachopinga ni uamuzi, na hiyo ni kesi ya namna nyingine inayohitaji wakili. Kikundi kimuulize mzee mapema, kwa heshima, faraghani: "Mzee wetu, karatasi imeandika uongo, au imeandika jambo lililokuumiza?" Swali hili litawaokoa kutembea bure.

Sheria inasema nini?

Watu wetu huenda ofisini kama waombaji sadaka. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli, au ya kupotosha, inayomwathiri. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaongeza kwamba ofisi ya umma ikiombwa ni lazima isahihishe habari za mtu zilizopitwa na wakati, zenye makosa au zenye upungufu, tena kwa gharama ya ofisi yenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inatoa haki ya kusahihishiwa.

Mambo ya ulinzi wa nchi yana siri zake, na sheria inazilinda. Lakini tarehe ya mzee kuzaliwa si siri ya ulinzi. Asiogope kuuliza habari zake mwenyewe.

Tena mjue haya. Ombi la kupata habari laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika akienda ofisini, afisa anatakiwa kumsaidia ombi lake liandikwe. Kuomba hakulipiwi. Kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kutoa nakala tu. Na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi juu ya ombi la kuona habari katika siku 21. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: kusanyeni karatasi kabla ya kusafiri. Tafuteni cheti cha kuachiliwa jeshini, kitambulisho, barua yoyote ya zamani yenye nambari ya jeshi, stakabadhi ya mshahara, hata picha yenye tarehe nyuma. Kama mzee alibatizwa, nendeni parokiani. Rejista ya ubatizo huwa na jina lake, la wazazi, la msimamizi, mahali na tarehe. Kwa wazee wengi hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kabisa kuandikwa jina lao, na iliandikwa na mtu asiyekuwa na haja na pensheni. Haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, lakini ni ushahidi mzuri. Shule aliyosoma nayo yaweza kuwa na daftari la zamani.

Hatua ya pili: ombeni kwanza kuona rekodi inasema nini. Msisahihishe jambo mlilosikia tu kwa mdomo dirishani. Huenda jina liko sawa na tatizo ni nambari. Rekodi za utumishi ziko upande wa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi. Malipo yako upande wa Idara ya Pensheni, chini ya Hazina ya Taifa. Hizi ni ofisi mbili. Mkisahihisha kwa moja, hakikisheni na nyingine imepata habari, la sivyo mtapigwa danadana.

Hatua ya tatu: pateni hati ya kiapo, ile watu huita afidaviti. Kama shida ni majina mawili ya mtu mmoja, mzee huapa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yake. Hii si sawa na hati ya kubadilisha jina. Mzee hajabadilisha jina; jina liliandikwa vibaya. Akiandikiwa hati isiyofaa atalipa pesa bure na ofisi itachanganyikiwa zaidi. Na aape ukweli mtupu, kwa maana kuapa uongo ni kosa la jinai. Kama hajui mwaka wake wa kuzaliwa kwa hakika, aseme hivyo, kisha aonyeshe karatasi ya zamani kuliko zote aliyo nayo.

Hatua ya nne: tafuteni mashahidi. Mtu aliyetumika naye kikosi kimoja ni wa thamani kuliko wanakijiji ishirini wanaomsifu. Chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, ambacho zamani kiliitwa KAFOCA, kinaweza kusaidia kuwatafuta wenzake. Chifu naye aandike yale anayoyajua yeye mwenyewe.

Hatua ya tano: andikeni barua. Barua iwe fupi, iseme kosa ni lipi, ukweli ni upi, ushahidi ni upi, na mnaomba nini. Historia ya maisha na malalamiko ya miaka ishirini yabaki nyumbani.

Mfano wa barua

"Mimi, ______, mwenye kitambulisho nambari ______ na nambari ya jeshi ______, naomba rekodi yangu isahihishwe chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Rekodi inasema kwamba nilitoka jeshini tarehe ______. Hilo si sahihi. Tarehe ya kweli ni ______, kama inavyoonyeshwa na karatasi hizi: (1) ______ (2) ______ (3) ______. Naomba tarehe hiyo isahihishwe, Idara ya Pensheni ijulishwe, nami nijibiwe kwa maandishi. Kama ombi halikubaliwi, naomba nipewe sababu kwa maandishi."

Pelekeni fotokopi, msitoe karatasi za asili isipokuwa kuzionyesha tu. Mkipeleka kwa mkono, nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkituma kwa Posta, tumeni kwa rejista na mtunze risiti. Siku ya mhuri ndiyo siku ya kuanza kuhesabu.

Wakikataa au wakinyamaza

Katiba, kifungu cha 47, inasema anayeumizwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu hiyo ikiwa mkononi, mtajua kinachokosekana. Kama bado hamridhiki, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Huduma yake ni ya bure, na hupatikana pia katika baadhi ya vituo vya Huduma. Ombi la kupitia uamuzi chini ya Sheria ya Kupata Habari hupelekwa katika siku 30 tangu kujulishwa uamuzi, basi msikae na barua ndani ya sanduku mkingoja mavuno.

Jihadharini na wakora. Kuna watu wanaojua siku ya mkutano wa wastaafu kuliko wastaafu wenyewe. Watasema wana mtu ndani ya ofisi, watataka elfu kadhaa "za kufungua faili" na wachukue cheti cha asili. Cheti kikienda hivyo, mara nyingi hakirudi. Faili haifunguliwi kwa pesa ya mfukoni.

Kazi ya kikundi

Mnaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini, sisi wa kikundi cha kuku na mikopo? Yanawahusu. Pensheni ya mzee mmoja ni karo ya wajukuu na hisa katika kikundi. Kazi yenyewe si kubwa. Kijana mmoja aliyemaliza shule asome faili na kuandika barua. Mama mmoja mwaminifu ashike daftari la tarehe: barua imekwenda lini, nani aliipokea, jibu linatakiwa lini. Mtu mmoja amsindikize mzee, ili asizungushwe peke yake.

Na msingojee afe. Akiwa hai, ni yeye anayeapa, anayekumbuka kikosi, anayewataja wenzake. Akishakufa, mjane ataulizwa cheti cha kifo, uthibitisho wa ndoa na barua ya chifu, halafu bado lile kosa la zamani linamngoja. Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria juu ya wanajeshi wastaafu. Hiyo ni hatua njema, lakini anayedai haki kama mstaafu ni lazima kwanza karatasi zikubali kwamba alitumika.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu ni wazee na wajane wangapi wa jeshi? Nani atawatembelea kabla ya mkutano ujao?
2. Je, majina yetu sisi wenyewe yanalingana katika kitambulisho, hati ya shamba na kitabu cha benki?
3. Wake na watoto wetu wanajua karatasi zetu ziko wapi?

Swali la pili msiliruke. Tumeona mara nyingi kikundi kinaanza kwa kumsaidia mzee, kumbe nusu ya wanachama nao wana kosa lile lile katika hati ya shamba.