Kupima Awamu ya Mawimbi kwa Kadi za Mtandao Pasiwaya: Uwezekano na Mipaka Yake katika Kuhesabu Pumzi za Mtoto Zahanatini

1.0 Utangulizi

Mtoto mwenye kikohozi anapofikishwa katika zahanati ya kijijini, kama zile zinazohudumia wakazi wa Nyabusozi na maeneo mengine ya Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Mhudumu hutazama kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa miezi 12 hadi 59, huhesabiwa kuwa upumuaji wa kasi, nao ni dalili ya nimonia. Hesabu hiyo ni nyepesi kuieleza lakini ni ngumu kuitekeleza pale mtoto anapolia na foleni inaposubiri mlangoni.

Kwa sababu hiyo, wazo la kuhesabu pumzi kwa mawimbi ya Wi-Fi lina mvuto. Vifaa viwili vinavyotumiana pakiti chumbani vinatosha, wala intaneti haihitajiki. Makala hii inafafanua namna awamu ya wimbi inavyopatikana kutoka kwenye kadi ya mtandao, kwa nini namba inayotolewa na kadi si kipimo bado, na ni kwa masharti gani inaweza kuwa kipimo.

2.0 Awamu na mwendo wa kifua

Awamu, ambayo mafundi umeme huiita fezi, ni hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake, nayo hupimwa kwa nyuzi 0 hadi 360. Wimbi la gigahezi 5 lina urefu wa takriban sentimita 6. Hivyo, njia yake ikirefuka kwa sentimita 6, awamu hukamilisha mzunguko mmoja. Kifua kikisogea milimita 2, wimbi linaloakisiwa nacho husafiri takriban milimita 4 zaidi katika kwenda na kurudi, na awamu yake hubadilika kwa nyuzi 24. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, ambapo urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, badiliko hilo hushuka hadi nyuzi 11.5 hivi.

Hata hivyo, kadi haipokei wimbi la kifua peke yake. Hupokea pia wimbi lililokuja moja kwa moja na yale yaliyoakisiwa na kuta na bati. Iwapo wimbi la moja kwa moja lina kimo mara 10 ya lile la kifua, nyuzi 24 zilizotajwa huonekana kama nyuzi 2.4 tu katika jumla, tena pale mkao unapokuwa mzuri. Hicho ndicho kiasi kinachotafutwa.

3.0 Namba itolewayo na kadi

Wi-Fi hugawa mkondo wake wa masafa katika vibebeo vidogo vingi. Katika mkondo wa megahezi 20 wa kiwango cha 802.11n hutumika vibebeo 56, vilivyoachana kwa kilohezi 312.5. Ili kusoma ujumbe, kadi hulazimika kukadiria jinsi kila kibebeo kilivyobadilishwa njiani, katika kimo na katika awamu. Makadirio hayo yalikuwa yakitupwa baada ya matumizi. Mwaka 2011, Daniel Halperin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walitoa programu iliyowezesha kuyasoma kutoka kwenye kadi ya Intel 5300, kwa makundi 30 ya vibebeo. Leo hata ESP32, kifaa kidogo cha bei nafuu, hutoa data za aina hiyo.

Tatizo ni kwamba awamu hiyo imechanganyika na makosa ya kadi zenyewe. Kosa la kwanza hutokana na saa za ndani. Kiwango cha 802.11 huruhusu saa kupotoka kwa sehemu 20 katika milioni. Kwa gigahezi 5, huko ni kupotoka kwa kilohezi 100 kwa kila kifaa. Kadi hurekebisha tofauti hiyo, lakini masalio yake huizungusha awamu ya kila pakiti kwa kiasi kisichotabirika. Kosa la pili hutokana na kadi kutotambua kwa usahihi ni lini hasa pakiti ilianza. Kuchelewa kwa nanosekunde 50 huongeza takriban nyuzi 5.6 kutoka kibebeo kimoja hadi kinachofuata. Kwa muda huo wimbi husafiri mita 15, ilhali kinachotafutwa ni milimita 4. Mbali na hayo, awamu husomwa kati ya nyuzi −180 na 180 tu, hivyo mirukonyuma ya nyuzi 360 sharti iunganishwe kabla ya hesabu yoyote.

4.0 Njia mbili za kuondoa makosa

Njia ya kwanza ni kuchora mstari mnyoofu unaopita katikati ya awamu za vibebeo vyote, kisha kuutoa. Kosa la kuchelewa huonekana kama mteremko wa mstari huo, na kosa la saa huonekana kama kimo chake. Yote mawili huondoka. Lakini sehemu ya ukweli huondoka nayo, kwa kuwa urefu halisi wa njia nao hujidhihirisha kama mteremko.

Njia ya pili ni kutoa awamu ya antena moja kwenye awamu ya antena nyingine ya kadi hiyo hiyo. Kwa kuwa antena hizo hutumia saa moja na hupokea pakiti kwa wakati mmoja, makosa yao ni yale yale, nayo hufutana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walitumia tofauti hiyo mwaka 2017 katika mfumo wa PhaseBeat kupima pumzi na mapigo ya moyo. Hubaki tofauti isiyobadilika baina ya antena, ambayo haidhuru kuhesabu pumzi kwani kinachohesabiwa ni mabadiliko. Njia hii ina sharti moja: kadi iwe na angalau antena mbili zinazopokea kwa pamoja. ESP32 ya kawaida hupokea kwa njia moja tu. Unafuu wa bei, kwa hiyo, huondoa tiba iliyo bora zaidi.

5.0 Mipaka zahanatini

Awamu ikisafishwa, bado muda una sheria yake. Kipande cha sekunde 10 hakiwezi kutenganisha kasi zilizokaribiana kwa chini ya pumzi 6 kwa dakika. Cha sekunde 60 hutenganisha pumzi 1. Kwa mtoto mwenye pumzi 48 au 52, tofauti hiyo ndiyo uamuzi wenyewe. Mashine, sawa na mhudumu, huhitaji dakika nzima na mtoto aliyetulia.

Pia mtoto huwa amepakatwa na mama, ambaye naye anapumua, na kifua chake ni kikubwa zaidi. Kwa kuwa mwendo wa pumzi si laini kikamilifu, uchambuzi wa masafa huonyesha kilele kikuu pamoja na vilele vidogo kwenye mara mbili na mara tatu yake. Mama anayepumua mara 17 kwa dakika huweza kuacha kilele kwenye 51. Mfumo usiotambua jambo hilo utamhesabia mtoto pumzi za mama yake na kumwita mgonjwa.

6.0 Hitimisho

Awamu inayotolewa na kadi ya mtandao huwa kipimo pale tu inapolinganishwa na nyingine yenye makosa yale yale. Kwa zahanati ya kijijini, hilo lina maana ya kadi yenye antena mbili, masafa ya gigahezi 5, usomaji wa dakika nzima, na kasi ya pumzi za mama kujulikana kabla ya za mtoto kutajwa. Pale ambapo masharti hayo hayakutimia, mfumo unapaswa kukataa kutoa jibu, na mhudumu aendelee kuhesabu kwa macho.