Mto Mmoja, Madaraja Mawili

Ukitoka Kasulu kwenda Kibondo, mkoani Kigoma, njiani utavuka mto Malagarasi. Simama darajani dakika mbili utazame maji: yanakwenda mashariki, yamelipa kisogo Ziwa Tanganyika. Siku nyingine, ukisafiri kutoka Kaliua kwenda Uvinza, utavuka Daraja la Kikwete, lililofunguliwa mwaka 2015. Mto ni uleule, ila hapo maji yanakwenda magharibi, yanalifuata ziwa lilelile. Kati ya madaraja hayo mto umepiga mzunguko mkubwa, ukashuka kutoka milimani, ukapotea ndani ya mabwawa, ukaibuka upande wa pili.

Naanza na madaraja kwa sababu mgeni akiuliza kuna nini cha kutazama Kasulu na Kibondo, jibu analopewa humtoa nje ya wilaya hizo: nenda Gombe ukawaone sokwe, nenda Mahale, nenda Ujiji. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968 na sifa zake ni za haki. Lakini mimi ni mtu wa misitu, na miaka yote niliyopitisha katika milima hii imenifundisha kwamba Buha, nchi ya Waha, ina uzuri wake, nao huonekana kwa anayefuata maji. Anayeshuka garini, akapiga picha na kuondoka, huupita bila kujua.

Kwanza, kwa nini mto ulikimbie ziwa lililo karibu hivyo? Ziwa Tanganyika limekaa katika Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka na kudidimia, kingo za ufa ziliinuka. Miinuko ya Manyovu, pale barabara inapoelekea Burundi, ni sehemu ya ukingo huo. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huporomoka ziwani kwa vijito vifupi vya kasi. Inayonyesha upande wa mashariki haina njia ya kuupanda ukingo, hivyo huteremka taratibu kuelekea bara. Malagarasi huanzia huko juu mpakani na Burundi, ukaandamana na mpaka kwa kitambo, kisha ukaingia Tanzania na kusafiri jumla ya kilomita zipatazo 475. Ni miongoni mwa mito mirefu ya nchi yetu.

Ni mto mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Kabla ya ufa kufunguka, maji yake yalitiririka moja kwa moja hadi bonde la mto Kongo. Ufa ukaja ukaukata, lakini samaki hawakusahau: humo Malagarasi bado wamo samaki ambao ndugu zao wako Kongo, akiwemo bunju mkubwa wa maji baridi ambaye wataalamu humwita Tetraodon mbu. Watu wa pwani wanamjua bunju kuwa samaki wa baharini mwenye sumu, anayejijaza akawa kama mpira. Kumkuta wa jamii yake mbali hivi na bahari ni ushahidi wa mto uliokatwa, na ndugu wakabaki ng'ambo mbili.

Sasa msitu. Sehemu kubwa ya pori kati ya Kasulu na Kibondo, pamoja na hifadhi ya Makere, ni miombo: mtundu, myombo, mninga, mkurungu. Wengi hulipita mwezi Agosti, nyasi zimeungua na vumbi limetanda, wakaondoka wakisema pori limekufa. Ningewaomba warudi mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Kabla hata tone la mvua halijaanguka, miti hii huchipua, na machipukizi yake ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai, kilima baada ya kilima. Mizizi imeshuka kina kirefu hadi kwenye unyevu uliobaki chini. Ule wekundu huelezwa na wataalamu kuwa ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali. Jani likikomaa, ukijani huchukua nafasi. Yote hupita kwa majuma machache, na kwangu hakuna kitu kizuri zaidi katika mkoa mzima wa Kigoma.

Mvua zikianza Novemba, akina mama hukaa kando ya barabara na mabeseni ya uyoga. Hapa nakuomba usimamishe gari, kwa kununua na kwa kujifunza. Aina nyingi za uyoga huo ni tunda la kuvu walioshikamana na mizizi ya miti ya miombo. Kuvu humpa mti madini kutoka kwenye udongo maskini, nao mti humlipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Ndiyo maana uyoga huu huwezi kuupanda shambani: mti ukikatwa, kuvu hana wa kumlisha. (Uyoga wa vichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa wenyewe.) Asali nayo ina hesabu ya namna hiyo. Nyuki hufuata maua ya mtundu na jamaa zake, na mrina asali mzoefu hahitaji kalenda, hutazama juu. Mzinga wa gome, hata hivyo, hugharimu mti mzima, kwa sababu mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Mzinga wa sanduku ulipaswa kuwa umeuondoa kabisa kufikia leo.

Maji ya Kibondo hutoka kwenye miti hii na kushuka hadi mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi. Mwaka 2000 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kwa Tanzania. Ukubwa wake ni hekta 3,250,000, yaani ni pana kuliko nchi nzima ya Burundi. Ndani ya mafunjo anaishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame kwenye matope. Yupo pia yule ndege wa kijivu, mrefu, mwenye mdomo mpana mithili ya kiatu, ambaye watu husafiri kutoka mabara mengine ili kumwona. Husimama bila kutikisika muda mrefu akingoja kamongo au kambale ajitokeze. Anayetaka kumwona lazima naye asimame hivyohivyo. Moyowosi, kama Muyovozi inavyoandikwa pia, ni pori la akiba, kwa hiyo kibali kitangulie safari, na kiangazi ndicho kipindi cha kufika, maji yakiwa yamepungua na njia zikipitika.

Kuna jambo moja wageni, na hata wenyeji vijana, hawaambiwi. Pori hili lote halikuwa tupu tangu asili. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Buha, Kibondo ikiwemo, kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, kwa sababu ya malale yanayoenezwa na mbung'o. Mashamba yakaachwa, miti ikarudi, wanyama wakafuata. Baadaye, katika miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ikahamisha watu tena. Kwa hiyo unapotembea chini ya miti ukaambiwa hapa hajawahi kuishi mtu, uliza wazee kwanza. Pengine unakanyaga ua wa babu ya mtu. Majina ya tawala za Waha hayakupotea: Muhambwe na Buyungu yamebaki kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi, na Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu, ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekalia kiti hicho tangu miaka ya 1940. Ukipanda huko asubuhi, salimia kwa "mwakeye" kabla hujauliza lolote.

Msitu huu umebeba mengi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokuja kwa maelfu. Watu hao walihitaji kuni za kupikia, na kuni zilitoka palepale. Lakini ni kosa kuwalaumu wao peke yao. Tumbaku hukaushwa kwa kuni, mkaa husafirishwa kwa malori, na moto wa mwisho wa kiangazi huua miche ambayo moto wa mapema, wa Mei au Juni, ungeipitia juu juu tu. Mlima ukibaki wazi, mvua haizami ardhini. Hukimbia na udongo, nao mto chini hujaa kwa siku chache kisha kunywea.

Safari ya kufuata maji iishie Uvinza. Mvua ya mji wa Kasulu huingia mto Ruchugi, ambao hushika njia ya mkato kusini. Mvua ya Kibondo huzunguka kote kule, ikakaa mabwawani, ikachujwa na mafunjo. Uvinza zinakutana: Ruchugi unaingia Malagarasi, jirani na chemchemi za maji ya chumvi ambayo, kwa ushahidi wa wanaakiolojia, watu wamekuwa wakiyachemsha kwa takriban miaka 1,500. Fika hapo jioni moja ya mwezi Mei, mvua zikiwa zimeisha juzi. Kwenye makutano, Ruchugi utakuonyesha rangi ya udongo wa Kasulu. Malagarasi utakuja mzito, umetoka mbali.