Mguu Usiouma Ndio wa Kuogopa

Anayelima kihamba, yaani shamba la migomba, huko Kibosho au Marangu, mlimani Kilimanjaro, hukanyaga vijiti na mawe kutwa, mara nyingi kwa ndala. Mishipa yake ya fahamu ikiwa mizima, mwiba ukimchoma atautoa papo hapo. Ikiharibika, atagundua jeraha akishaona damu. Ndiyo maana nasema maumivu si dalili ya kuogopwa kuliko zote. Ukimya wa mguu unazidi. Kwa mwenye kisukari, sukari iliyokaa juu kwa miaka huanza kuharibu mishipa mirefu, hivyo ganzi huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu hadi mahali soksi inapoishia. Wengine huwaka moto nyayoni usiku, hata shuka likiwagusa ni adha. Moto huo ukizimika wenyewe hushukuru, kumbe huenda mishipa imekufa.

Watu husema ganzi ni ya baridi ya mlimani, au ya uzee. Baridi ipo, lakini ganzi yake huisha mguu ukipata joto; inayodumu wiki kadhaa si yake. Wala kisukari si chanzo pekee. Baka lililofifia, lisilowasha wala kuhisi mguso, huweza kuwa ukoma, na dawa zake hutolewa bure. Kifua kikuu, ambacho hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha imekitibu tangu 1926, sasa hutibiwa pia kwa isoniazidi, dawa inayoweza kupunguza vitamini B6 mwilini. Mgonjwa akihisi ganzi amwambie daktari, asiache dawa. Na pombe ya mbege ya kila siku bila chakula cha maana (hili halipendwi kusikika) nayo huumiza mishipa.

Wapo wanaouliza: mishipa iliyokufa haifufuki, kupima kwa nini? Ni kweli nusu tu. Upungufu wa vitamini hutibika, na mguu hukatwa kwa sababu ya kidonda kilichooza, si kwa ganzi yenyewe. Kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, hakihitaji kifaa. Fumba macho, mwenzako aguse kidogo tu, kwa ncha ya kidole chake cha mkono, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Usipohisi viwili au zaidi kati ya sita, nenda kituo cha afya. Tangu hapo kagua nyayo kila jioni, pitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, usiote miguu kwenye moto wa jikoni, na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.