Embe, Inzi na Safari ya Ng'ambo

Inzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda la embe, na kwa nje pengine huoni ila kitobo cha ncha ya sindano. Kwa sababu ya inzi huyo, mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, ikarejea 2021.

Maembe mengi ya Meksiko yaendayo Marekani huzamishwa kwanza katika maji ya nyuzijoto 46.1, kwa dakika 65 hadi 110 kulingana na umbo na uzito. Mayai na mabuu hufa. Lakini embe lililochumwa changa huumia vibaya: ganda hubabuka, nyama iliyo karibu na kikonyo huacha uwazi, na mahali pengine hubaki pagumu huku kwingine kumeiva. Uchumaji mzuri ni nusu ya kazi.

India ilichagua mionzi. Tangu 2007 maembe yake, Alphonso yakiwemo, huingia Marekani baada ya kupitishwa kwenye mionzi ya kipimo cha angalau grei 400. Buu huweza kubaki hai kwa muda, ila halitakuwa inzi wa kuzaa. Wenye hofu watulie: tunda lenyewe halibaki na mionzi. Tena huchelewa kuiva, jambo lenye faida safarini. Kipimo kikizidi, nyama hulegea na ganda huota madoa.