Wapeleke Watoto Bujora, na Babu Awe Pamoja Nao

Watoto wetu wa Ibadakuli wameona sarakasi katika televisheni na simu: watu wanaobebana mabegani, simba arukaye katika pete ya moto. Wanashangaa, nao wadhani mambo kama hayo hayakupata kuonekana katika nchi ya babu zao. Basi, ukijaliwa nauli, wapeleke Bujora.

Bujora iko karibu na Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, kama kilomita 20 kutoka mjini Mwanza. Huko Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na vifaa vya wachezaji. Wakati ule Wakristo wengi waliviona kuwa vitu vya kutupwa motoni. Hivyo tukapata Makumbusho ya Wasukuma.

Jumba la watemi lina umbo la kiti cha enzi, nalo watoto watalipenda. Lakini usiishie hapo. Nenda penye habari za vyama vya ngoma. Bagika na Bagalu walianza katikati ya karne ya 19, kwa ushindani wa Ngika na Gumha. Sheria yao ni nyepesi: vikundi viwili hucheza wakati mmoja, na watazamaji huenda watakako. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju hakuwa na budi kubuni jambo jipya la kuwavuta watu. Bayeye walicheza na nyoka hai mikononi, nao ndio waliojua dawa za kuumwa na nyoka. Banunguli, wawindaji wa nungunungu, ni watu waliozoea kutambaa ndani ya mashimo ya mnyama huyo. Yote hayo bila hema wala tikiti!

Huko Marekani, mjini Baraboo, ndugu wa Ringling walianza sarakasi yao mwaka 1884, na mwaka 1959 pakafunguliwa makumbusho ya sarakasi papo hapo. Hawakuuonea haya mchezo wao.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba mtoto atakutana na mambo ya uganga. Ni kweli, manju walitafuta dawa za kuvuta watu, na mtoto atauliza. Mjibu waziwazi. Mwambie pia kwamba mshika nyoka alifundishwa kwanza, tena kwa bidii. Padre mwenyewe hakuwafukuza wachezaji: Bulabo, mashindano ya ngoma ya mwezi wa Juni, yalifungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu.

Neno moja zaidi: msimwache babu nyumbani. Ngoma iliyotundikwa haisemi. Tulipokwenda na watoto wa parokia, mzee mmoja aliyecheza upande wa Bagalu ujanani alisimama mbele ya ngoma, akaanza kuonyesha jinsi mguu unavyokanyaga. Watoto walimwacha kiongozi wakamzunguka yeye. Wajukuu zake walikuwamo, na hawakuwa wamepata kusikia kwamba babu yao alicheza hata siku moja.

Kutoka kwetu hadi Mwanza ni kama kilomita 160, basi ondokeni alfajiri. Mtoto mdogo atapakatwa. Babu mlipieni kiti.